Ngazi ya futi 16 haikufikishi futi 16: Niliyojifunza baada ya kuvunjika mkono

NILIKUWA kwenye kipandio cha tano, nikitoa matope na majani kwenye gata ya nyumba ya mama huko Ruai, Nairobi, mbao iliposema 'ka!' chini ya mguu wangu.

Ilikuwa Aprili na mvua ya masika ilikuwa imeshika kweli kweli. Gata imeziba, tangi halijai, maji ya bure yanamwagika ukutani, na sisi huku tunanunua maji ya mitungi. Ngazi nilikuwa nimeazima kwa jirani. Ilikuwa ya mbao, imepakwa rangi ya kijani, inang'aa kama lango la shule ya chekechea. Sikuiuliza maswali.

Wala sikuanguka kutoka mbali. Futi tano hivi, hata sifikii kimo changu mwenyewe. Lakini nilitua na mkono wa kulia, na daktari akaniambia mfupa umevunjika kwenye kifundo. Wiki sita ndani ya plasta. Mimi hula kwa kuandika, kwa hivyo kwa wiki sita nilikuwa nachapa stori kwa kidole gumba cha kushoto, na wateja wawili wakanihepa kwa sababu nimekuwa mwenda pole.

Jirani alipokuja kunijulia hali, tulienda nyuma ya nyumba tukakiangalia kile kipandio. Chini ya ile rangi, mbao ilikuwa na ufa wa zamani, ndani umejaa vumbi jeusi. Huo ufa ulikuwa hapo kabla ya rangi kupakwa. Jirani alinyamaza, mimi pia nikanyamaza. Hakuna mtu alikuwa na nia mbaya, ni vile tu sisi wote tulikuwa tunaangalia rangi.

"Kijana wangu," mama alisema jioni hiyo, "ama ununue ngazi ya maana, ama uache kupanda nyumba yangu."

Sasa, ukiwa kijana wa mjini unaweza kufikiri ngazi si mambo yako. Unakaa keja ya chumba kimoja, balbu ikiungua unasimama kwenye kiti. Lakini angalia ni nani anapanda juu ya mabati siku hizi. Ni sisi. Ni kijana anayefunga intaneti ya waya, anayeweka kamera za usalama, anayepanga paneli za sola, anayepaka rangi, anayerudisha mkebe wa dishi ulioangushwa na upepo. Na ukienda nyumbani kwa wazazi Krismasi, wewe ndiye utaambiwa, "Hebu panda uangalie hilo tangi."

Kwa hivyo wacha niwaambie nilichojifunza nikitafuta ngazi, maana karibu ninunue ile mbaya mara mbili.

Hesabu ya dukani na hesabu ya ukutani

Ngazi tunayoongelea ni ile ya kuvuta. Ina vipande viwili: kimoja kinakaa chini na kingine kinateleza juu yake, mara nyingi kwa kamba na kapi, halafu kulabu mbili za chuma zinang'ata kipandio ili isirudi chini. Mafundi wengine huiita tu 'lada ya kuvuta'. Inafaa nyumbani kwa sababu ukiifunga ni fupi ya kuwekwa kando ya ukuta, ukiifungua inakupeleka hadi kwenye paa.

Duka la kwanza la hadwea nililoingia mjini, jamaa wa kaunta aliniuliza swali moja tu.

"Nyumba ni futi ngapi hadi kwa gata, bro?"

"Kumi na mbili."

"Chukua ya futi 16. Itatosha na ibakishe."

Ilisikika vizuri. Kumi na sita kutoa kumi na mbili inabaki nne. Hata mtoto wa gredi ya tatu anaona nimepona. Nilikuwa nimeshatoa simu nilipe, ndipo nikamwomba anifungulie ngazi yote nione. Akaivuta hadi ikagoma. Nikaomba tepu. Kutoka chini hadi juu: futi 13.

Nilidhani nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, kumbe ndivyo ngazi nyingi za aina hiyo huhesabiwa. Futi 16 ni vipande viwili vya futi 8 ukivijumlisha. Lakini vipande haviwezi kuungana ncha kwa ncha kama reli. Lazima vipishane, na kwa ngazi za ukubwa wa nyumbani viwango vya Marekani vinataka vipishane angalau futi 3. Hapo ndipo nguvu ya ngazi ilipo. Kwa hivyo 16 inakuwa 13, 20 inakuwa 17, na 24 inakuwa 21.

Halafu ngazi haisimami wima. Inaegemea. Ukishaiegemeza vizuri, ile futi 13 inafika juu kama futi 12 na inchi saba hivi. Yaani kwenye nyumba ya mama ingechungulia tu inchi saba juu ya ukingo wa paa, kama mtoto anayechungulia dirishani.

Na hapo ndipo hatari yenyewe iko. Ukitaka kutoka kwenye ngazi ukanyage paa, inafaa ngazi ipite ukingo kwa futi 3 hivi, karibu mita moja, ili uwe na kitu cha kushika wakati mguu mmoja uko kwenye ngazi na mwingine uko kwenye mabati. Ile sekunde ya kubadilisha mguu ndiyo mbaya kuliko zote. Bila kitu cha kushika utainama ushike mabati yenyewe, uisukume ngazi kwa mguu bila kujua, na safari imeisha. Au ukishapanda salama, utateremka vipi? Utakuwa unatafuta kipandio kwa kidole cha mguu, kinyumenyume, bila kuona.

Nilipomweleza yule jamaa wa kaunta haya, alicheka. "Bro, watu hununua hii kila siku." Sina shaka. Hata ile ngazi ya kijani ilikuwa ikitumika kila siku.

Pima nyumba bila kupanda

Shida ni kwamba wengi wetu hatujui nyumba ina futi ngapi. Mimi mwenyewe ile 12 nilikuwa nimeikisia, na ni bahati tu kwamba nilikisia vizuri. Nilirudi Ruai nikapima.

Kama ukuta haujapigwa plasta, hesabu mistari ya mawe. Mawe mengi ya kujengea huku kwetu yana kimo cha inchi 9, na ukiongeza simiti ya katikati unapata kama inchi 10 kwa kila mstari. Nyuma ya nyumba ya mama kuko bila plasta (pesa iliishia mbele, kama kwa Wakenya wote), kwa hivyo nilihesabu mistari 12: inchi 120, ambazo ni futi 10. Lakini ploti yetu ina mteremko, na upande huo msingi umeinuka futi 2 juu ya ardhi. Jumla futi 12. Mbele ya nyumba hiyo hiyo ni futi 10 na nusu tu. Ukipima upande mmoja ukanunua ngazi, upande wa pili utakuaibisha.

Kama ukuta una plasta, tafuta fimbo ndefu au bomba la maji, ulisimamishe ukutani hadi ligonge chini ya gata, halafu ulilaze chini ulipime. Usikadirie kwa macho. Macho hupunguza.

Ukishajua urefu, hesabu ni hii. Miguu ya ngazi inatakiwa kukaa mbali na ukuta kwa robo ya kimo ambapo ngazi inaegemea. Futi 12 kwenda juu, futi 3 kutoka ukutani. Hesabu za pembetatu nilizozikimbia chuoni zilinifuata hadi huko nyuma ya nyumba, nikakaa kwenye ndoo nikiguguna kalamu: futi 12 juu na 3 kando zinakupa mlalo wa futi 12 na inchi nne hivi. Ongeza futi 3 za kushikilia. Unahitaji ngazi inayofunguka futi 15 na nusu, tuseme 16 kamili. Ile ya '16' inafika 13. Ile ya '20' inafika 17. Jibu ni 20.

Kama hutaki hesabu, chukua kimo cha ukingo wa paa, ongeza futi 7, halafu nunua saizi inayofuata kwenda juu. Kwa nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa hiyo itakutosha. Kwa nyumba ya ghorofa moja, ambayo ukingo wake unaweza kuwa futi 18 hadi 20, utajikuta kwenye ngazi ya futi 28, na hiyo ni mnyama mwingine kabisa. Ni nzito, inahitaji watu wawili kuisimamisha, na kusema kweli kwa kazi ya mara mbili kwa mwaka ni afadhali umwite fundi aliye na yake.

Kumbuka pia si kila ngazi huhesabiwa kwa kujumlisha vipande. Zingine, hasa zile za mita, huandikwa urefu wa kufunguka kabisa. Ndiyo maana nasema tepu. Muuzaji akikataa kuifungua ngazi dukani, ondoka. Hakuna mtu hununua viatu bila kujaribu.

Kwa wale wa keja za chumba kimoja, kuna ile ya teleskopu, inayoingia ndani kwa ndani kama eriali ya redio ya babu. Ikifungwa inaingia chini ya kitanda. Ni poa kwa balbu, pazia na juu ya kabati. Ila kila kipandio kina kufuli zake mbili, na inafaa zote ziwe zimejifunga kabla hujapanda. Vumbi na mchanga ndio adui zake. Na ukiifunga kwa pupa itakufinya vidole hadi uite mama yako.

Wewe na ndoo yako mna kilo ngapi?

Swali ambalo hakuna duka liliniuliza ni uzito. Ngazi zilizotengenezwa kwa viwango vya Marekani huwa na lebo yenye neno Type na namba ya Kirumi. Type III hubeba kilo 90 hivi. Type II kilo 102. Type I kilo 113, IA kilo 136, na IAA kilo 170. Ngazi za kiwango cha Ulaya, EN 131, hubeba mzigo wa hadi kilo 150, na lebo husema kama ni ya kazi ya kitaalamu au ya matumizi ya nyumbani.

Mimi nina kilo 84. Nikijipima na Type III naona nimebakisha kilo sita, niko sawa. Lakini sipandi uchi. Nina viatu, nyundo, drili, na ndoo ya matope ya gata ambayo peke yake inaweza kufika kilo 10. Tayari nimepita. Na fundi wetu wa mabomba, mzee mmoja mwenye tumbo la heshima, yeye akipanda na kisanduku chake cha vifaa hata Type II inalia.

Ushauri wangu ni Type I au zaidi kama nyumba itakuwa inapandwa na watu tofauti. Huwezi kujua ni nani ataazima.

Kama hakuna lebo yoyote, hata stika ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS), muuzaji akikuambia 'hii inabeba hata ng'ombe', muulize ng'ombe gani.

Angalia juu kabla ya kuangalia bei

Haya ndiyo yaliyonibadilisha mawazo nikiwa tayari nimeshachagua ngazi ya futi 20 ya alumini.

Alumini ni nyepesi, haioozi, na bei yake ni nafuu. Kwa nyumba nyingi ingekuwa chaguo la kwanza bila mjadala. Lakini nilipokuwa nikipima nyuma ya nyumba niliinua kichwa, nikaona ule waya wa stima unaotoka kwenye nguzo ya kando ya njia na kuingia kwenye kona ya paa letu. Uko karibu sana na mahali gata huziba. Na kando ya njia yenyewe kuna nyaya kubwa zinazopita juu ya ukuta wa ploti.

Stima ya nyumbani ni volti 240. Hiyo peke yake inaua. Nyaya za kwenye nguzo kubwa zinaweza kuwa na volti 11,000 au 33,000, na hizo hata hazihitaji uziguse. Ukikaribia vya kutosha moto unaweza kuruka ukufuate. Ngazi ya alumini ni waya mrefu unaobebwa na mtu. Ukiinyanyua wima ukizunguka nayo kona ya nyumba, huwa unaangalia miguu yako usijikwae kwenye maua ya mama. Huangalii juu.

Kanuni ya wanaofanya kazi hizi ni kukaa angalau mita 3 mbali na nyaya, wewe pamoja na ngazi yako. Ibebe ikiwa imelala, isimamishe ukishafika, na uifungue ikiwa tayari imesimama mahali pake.

Kama stima inapita karibu na mahali utakapokuwa unafanya kazi, nunua ya faibaglasi. Ni ile ambayo kando zake ni za rangi, mara nyingi njano au rangi ya machungwa, na vipandio vyake ni vya alumini. Faibaglasi haipitishi stima ikiwa safi na kavu. Narudia, safi na kavu. Ikiwa imelowa mvua au imejaa matope usijidai. Na mbao je? Mbao kavu hazipitishi sana, lakini ngazi ya mbao iliyolala nje msimu wa mvua si mbao kavu tena.

Mitaani kwetu kuna jambo lingine ambalo vitabu vya Ulaya havitaji: stima ya sambaza. Ule waya mwembamba uliopitishwa juu ya mabati kutoka ploti moja hadi nyingine, umefungwa na karatasi ya plastiki. Ukiuona huo, usipande kabisa hadi uondolewe, hata kama ngazi yako imetoka mbinguni. Mabati yenyewe yanaweza kuwa na stima.

Na ukimwona mtu amenaswa na ngazi imegusa waya, usimshike wala usiishike ngazi. Kaa mbali, zuia wengine, piga simu ya dharura ya Kenya Power, 97771.

Faibaglasi ina kasoro zake. Ni nzito kuliko alumini, na bei yake ilinitoa jasho: tofauti kati yake na ile ya alumini ilikuwa kama pesa za chakula cha nyumba yetu kwa wiki mbili. Niliwaza siku tatu. Halafu nikakumbuka zile wiki sita za plasta zilinigharimu mara ngapi ya hiyo, na huko hata stima haikuwepo.

Ya mitumba, ya jua kali, na ya kukodi

Si kila mtu ana pesa za ngazi mpya, na sitajifanya mimi ninazo. Ngazi zilizotumika zipo, na zingine ni nzuri. Lakini ikague kama unayeoa.

Ilaze chini uangalie kando zake kwa mstari mmoja, kama fundi anavyoangalia mbao. Ikiwa imepinda, iache. Alumini iliyopinda ikanyooshwa tayari imechoka. Shika kila kipandio ukizungushe kwa mkono, kisicheze. Angalia zile kulabu za chuma, zote mbili ziwe zinaingia na kutoka kwa uhuru na spiringi zake zipo. Kamba isiwe imechakaa, kwani kamba ni bei rahisi kubadilisha lakini ikikatika ukiwa unavuta, kile kipande cha juu kitakuja chini na vidole vyako. Miguu iwe na viatu vya mpira visivyolika. Faibaglasi ikianza kutoa nyuzi nyuzi zinazowasha mikono, jua limeshaila.

Ya mbao iliyopakwa rangi, hapana. Hiyo mnajua kwa nini. Mbao inaweza kupakwa vanishi inayoonyesha ndani, lakini rangi huficha ufa na fundo. Na ile ya mjengo iliyopigwa misumari kwa mabaki ya mbao ni ya mjengo, iache huko.

Jua kali nao wanatengeneza za chuma. Nawaheshimu sana hao mafundi, lango letu walilitengeneza wao na limewashinda wezi mara mbili. Kwa ngazi ya kufungwa moja kwa moja kwenye mnara wa tangi, hao ndio watu wako. Lakini kwa ngazi ya kuvuta, chuma ni kizito mno kubeba, na kila kitu kinategemea kulehemu ambako huwezi kukuona ndani. Hapo mimi nimejizuia.

Unaweza pia kukodi, au mchange. Kwenye njia yetu kuna nyumba saba na hakuna hata moja inayohitaji ngazi zaidi ya mara nne kwa mwaka. Ningekuwa na akili ningeanza na hilo, kabla ya kumaliza akiba yangu.

Kwa wale wanaopanda kwa kazi: kama umeajiriwa kufunga waya wa intaneti au kamera, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri wako akupe vifaa salama. Najua ukisema hivyo kesho yake nafasi yako itapewa mwingine. Hata hivyo ijue. Na ukipewa ngazi iliyofungwa kwa waya na chupi ya tairi, piga picha kabla hujapanda.

Siku ya kuipanda

Ngazi yangu ya futi 20 ilifika Ruai juu ya pikapu ya kukodi, kwa sababu hata ikifungwa ina futi 10 na hakuna boda aliyekubali. (Mmoja alikubali. Mimi ndiye nilikataa.)

Niliiweka futi 4 kutoka ukutani, nikaiegemeza chini kidogo ya gata, kwenye mawe yenyewe. Usiegemeze kwenye gata. Ya plastiki inabonyea, na ngazi inateleza kando. Ili kujua kama pembe iko sawa, nilisimama vidole vya miguu vikigusa miguu ya ngazi, nikanyoosha mikono mbele. Viganja vinatakiwa kufikia kipandio bila kuinama wala kujivuta. Havikufika. Nikaisogeza hadi futi 3. Vikafika.

Udongo wa Ruai ni ule mweusi, ukinyesha unakuwa ugali. Nilitafuta ubao mpana nikaulaza chini ya miguu ya ngazi, na mdogo wangu akaishika kwa chini. Nilipanda nikiangalia ngazi, mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, kila wakati vitatu vikiwa vimeshika. Ndoo haikuwa mkononi. Niliivuta kwa kamba nikishafika, nikaitundika kwa kulabu.

Kitu kigumu kuliko vyote kilikuwa kutojinyoosha. Kuna rundo la majani liko hapo, mkono mmoja na nusu kando yako, na moyo unakuambia utalifikia. Kipimo ni kitovu. Kitovu chako kikitoka nje ya kando za ngazi, teremka uisogeze. Nilipanda na kuteremka mara tisa kwa ukuta mmoja. Vipandio vitatu vya juu kabisa sikuvigusa.

Tangi lilijaa usiku huo huo.

Sasa ngazi inalala ukutani upande wa kivuli, kwenye vyuma viwili, imefungwa kwa mnyororo na kufuli. Hilo ni wazo la mama. Anasema ngazi iliyoachwa nje ni kumwachia mwizi mlango wa ghorofani. Ufunguo anao yeye, si mimi.

Wiki iliyopita yule jirani wa ngazi ya kijani alikuja jioni. Upepo ulikuwa umelegeza bati lake moja.

"Mama, hamjambo? Nilikuwa naomba hiyo ngazi yenu kidogo tu."

"Hatujambo, Baba. Una kilo ngapi?"

Mzee alinitazama kama mtu anayeomba msaada. Mimi niliangalia simu.

"Mama, hilo si swali la kumuuliza mtu mzima."

"Na hizo ndala?"

Aliangalia miguu yake, akacheka, akarudi kwake kuvaa viatu. Aliporudi mama alikuwa ameshatoa kufuli, na mimi nikambebea ngazi hadi kwake, ikiwa imelala, nikiangalia juu.